Idhini ya Wanne

Barua ilinikuta napukuchua mahindi. Aliyeileta alikuwa dereva wa bodaboda kutoka mjini, na hakuzima hata injini. Karatasi moja, imepigwa chapa, chini imesainiwa na Coleta, Katibu wa Baraza la Kiroho la Wabahá'í. Ilisema kijana Shigela Kija anataka kumwoa binti yangu Edith, na kwamba kwa sheria ya dini ya kijana huyo ndoa haifungwi mpaka wazazi wote wanne walio hai, wa pande zote mbili, watoe idhini kwa hiari yao. Nikaombwa nifike Mollo, Jumamosi, saa nne asubuhi.

Nilimpigia simu Edith. Yeye anashona nguo kwenye duka la huyo Coleta, Majengo, na ndiko alikokutana na kijana. Akanieleza kwamba sheria haina mlango wa pembeni. Mzazi awe mlevi, awe hana dini, awe alimtelekeza mtoto tangu tumboni, maadamu yupo, idhini yake inatafutwa. Akikataa hakuna wa kumlazimisha, wala hakuna wa kumruka. Nikamuuliza mara mbili kama kweli hakuna wa kuniruka.

"Hakuna, baba," akasema, na sauti ikawa ndogo.

Nikacheka peke yangu katikati ya magunzi. Nina miaka hamsini na minane, na hakuna mtu aliyewahi kuniomba idhini ya jambo lolote. Ardhi ya kijiji ilipomegwa niliambiwa. Bei ya mahindi ilipopangwa niliambiwa. Mbolea ilipochelewa hata sikuambiwa. Leo watu wa dini nisiyoijua wananiletea kalamu, na anayesubiri nyuma ya kalamu ni mtoto wa Kija.

Huyo Kija nilikuwa namdai tangu Ijumaa, tarehe kumi na moja mwezi wa nne, mwaka 2003. Siku hiyo ng'ombe wake arobaini na kitu waliingia kwenye ulezi wa mama yangu. Sisi Wafipa tunalima kwa kuzika majani chini ya udongo, tunapandisha kilima cha mviringo, tunakiita ntumba. Mwanamke mmoja na jembe lake anamaliza mwezi na nusu mgongo umepinda ili apate shamba la kulisha nyumba. Ulezi ulikuwa umeshatoa vichwa. Mpaka adhuhuri hapakuwa na kichwa hata kimoja, na matuta yamekuwa tope lenye kwato. Mama alikaa juu ya ntumba moja mpaka jua likazama. Hakulia. Mwaka ule tulikula uji wa kuombaomba.

Kija alikuwa Msukuma aliyehamia kwetu miaka mitatu kabla ya hapo, yeye, mkewe na mifugo. Mwenyekiti wa kijiji wa wakati ule alimpokea mtamba mmoja kwa siri, akamwonyesha bonde la mto kana kwamba ni la babu yake. Mimi niliishia darasa la saba, lakini nilikuwa nimenunua Sheria ya Ardhi ya Vijiji kwa muuza vitabu vya mtumba Majengo, nikaisoma mpaka jalada likatoka. Nikamshtaki Kija, akawekwa mahabusu. Mwenyekiti hakushtakiwa. Mwenyekiti alikwenda kuungama kwa padre, na Jumapili akasimama mstari wa komunyo mbele ya mama yangu, mikono kifuani, safi kama aliyetoka kuzaliwa. Padre alimsamehe. Mama hakuulizwa. Tangu siku ile nimekuwa nikiuliza kila mtu wa dini ninayekutana naye: haki gani hii, mkosaji anamaliza shauri lake bila kumtazama usoni aliyemkosea? Wengi hunijibu kwa kunihurumia.

Juma lililofuata ng'ombe wanne wa Kija walikutwa mtoni wamekatwa mishipa ya miguu ya nyuma, mkutano wa kijiji ukakaa, na familia ile ikafukuzwa. Hilo nitalifikia. Ndilo lililonifanya niandike haya.

Mke wangu Bertilla alikuwa ameshasaini wiki mbili nyuma, akanyamaza nalo kama jiwe la kusagia. Nilipomuuliza kwa nini, alisema Edith ana miaka ishirini na sita na fundi wa mashine za kusaga si mtu wa kuchezea. Nikamwambia ni mtoto wa Kija. Akasema anajua ni mtoto wa nani. Halafu akanitazama kwa muda ambao sikuupenda, akarudi jikoni.

Jumamosi nilivaa koti la kanisani. Sikuwa nimeamua kukataa. Nilikuwa nimeamua jambo zaidi ya kukataa: kumfanya Kija asimame mbele ya watu wake, aseme kwa kinywa chake. Kwa miaka ishirini na moja nilikuwa nalipanga lile shauri kichwani, nalipunguza, naliongeza, na sasa kwa mara ya kwanza nilikuwa na kitu anachokitaka.

Nyumba yao ya dua iko Mollo, kwenye mteremko, mahindi yaliyokauka pande zote. Mwezi wa saba upepo wa Ufipa unaingia mpaka kwenye mifupa. Nyumba ni ya tofali za kuchoma, bati la bluu, na ina pande tisa na milango tisa, yote wazi, baridi ile inapita inavyotaka. Nikasimama mlangoni nikitafuta madhabahu. Hakuna. Nikatafuta picha, mimbari, kiti cha mkubwa. Hakuna. Nikatafuta hata kisanduku cha sadaka, maana hicho hakikosi, nikamuuliza mzee aliyekuja kunipokea. Akaniambia mchango wa mtu asiye wa dini yao hawaupokei. Nikamtazama kama ananitania.

Huyo mzee alikuwa Mwalimu Flavian, Mfipa mwenzangu, mstaafu wa shule ya msingi, ana miaka sabini na zaidi. Nikamwamkia shikamoo. Akanieleza, bila haraka, kwamba hili si hekalu lenyewe. Mahekalu yao makubwa yako mbali, lipo moja juu ya kilima huko Kampala. Hii ni nyumba ya dua tu, walifyatua tofali wenyewe. Hawana padre wala shehe. Wanachagua watu tisa kila mwaka, kwa siri, na hakuna kugombea wala kujinadi. Kila mmoja anaandika majina tisa ya watu anaowaona wanafaa. Anayejipigia debe amejiharibia.

Nikamwambia kwetu asiyejipigia debe anashindwa na mwenye pombe. Akacheka mpaka akashika ukuta. Nikaona vibaya kwamba nilianza kumpenda.

Tuliketi kwenye mabenchi. Hakuna aliyehubiri. Mtu mmoja alisoma dua kwa Kiswahili, mwanamke mmoja akaimba nyingine kwa Kifipa, kile Kifipa cha bibi zetu. Upande wa pili wa duara nilimwona Kija. Miaka imemkausha, zamani alikuwa mtu wa mabega. Pembeni yake mkewe Kabula, amejifunga kanga juu ya sweta, hakuwa anasali wala hakuwa anazuia wengine. Alikuwa ananitazama mimi. Edith alikaa kati ya Coleta na kijana Shigela, magoti yamebanana, kama mtoto anayesubiri matokeo ya mtihani.

Mle ndani hawajadili mambo. Dua ilipokwisha tukatoka, tukaingia chumba cha mikutano kilicho kando, chenye meza na madirisha mawili. Baraza lote, watu tisa, lilikuwapo. Mwalimu Flavian ndiye mwenyekiti wao. Coleta akaweka karatasi mezani imepinduliwa, kalamu juu yake, na kidau cha wino wa dole gumba. Mwalimu akasema kwa ufupi: wazazi wapo, kila mmoja yuko huru kukubali au kukataa, hakuna atakayeulizwa sababu.

Nikasimama. Nikasema sababu ninayo na nataka iulizwe.

Nilizungumza labda dakika kumi. Nilianza na mgongo wa mama na nikamaliza na mwenyekiti kwenye mstari wa komunyo. Sikupandisha sauti, ukiwa na haki mkononi huna haja ya kupiga kelele. Nikawaambia idhini yangu ina sharti moja. Kija asimame hapa, mbele ya baraza lake, mbele ya mwanawe na binti yangu, aseme alichofanya kwenye shamba la mama yangu. Akisema, nasaini. Asiposema, nachukua nauli yangu narudi nyumbani, na ninyi mna sheria yenu.

Mwalimu Flavian akafuta miwani. Akasema kuna ugumu. Katika dini yao mtu hatakiwi kuungama dhambi zake mbele ya watu, na baraza haliwezi kumwamuru. Dhambi mtu anaipeleka kwa Mungu. Akitaka kwa hiari yake kumwomba radhi aliyemkosea, hilo ni lake.

Hapo ndipo hasira ikanipanda kweli. Nikamwambia mwalimu, kumbe ninyi mmekwenda mbali zaidi. Kwetu mkosaji alau anapiga magoti kwenye kibanda, padre anasikia. Kwenu hata padre hayupo. Anakosa, anapiga dua, milango tisa ya kutokea.

"Mzee Oswaldi," akasema Mwalimu, "kusamehe ni kazi ya mtu mmoja mmoja. Haki ni kazi ya baraza. Ukileta dai la shamba, tutasikiliza pande mbili na tutasema nani alipe nini. Lakini kumvua mtu nguo mbele ya watu ili wewe upumue, hiyo si haki. Hiyo ni tamasha."

Wachache wakaguna. Nilikuwa nimeshafungua kinywa kumjibu, Kija akasimama. Hakuna aliyemwita. Alisimama akishika mgongo wa kiti, akasema kwa sauti ambayo ilibidi tuiname kuisikia.

"Mwenyekiti wa kijiji aliniambia pale pamevunwa. Nilifika nikaona hapajavunwa. Ng'ombe walikuwa na njaa, nami nilikuwa nimeshatoa mtamba. Nikawaacha waingie. Nilimwona mama yako amekuja na jembe. Nikageuza uso. Nisamehe, Baba Edith."

Akakaa. Basi. Miaka ishirini na moja, na likachukua muda wa mtu kunywa maji.

Nilikuwa nimekuja na majibu ya kila uongo ambao angeusema, na hakusema hata mmoja. Nikavuta karatasi, nikaigeuza, nikasaini jina langu lote, Oswaldi na majina ya baba na babu. Edith akaanza kulia kimya kimya. Shigela akashika meza. Nikamrudishia Coleta karatasi nikidhani nimeifunga shughuli, tena nikijiona mkubwa, mtu aliyeshinda halafu akasamehe.

Coleta hakuichukua. Akaigeuza nione vizuri. Palikuwa na nafasi nne. Bertilla, Kija, mimi. Ya nne ilikuwa tupu.

Nikasema mama mkwe basi asaini twende tukale. Coleta akasema taratibu kwamba Mama Shigela ameombwa tangu wiki tatu zilizopita. Alijibu kwamba atatoa neno lake siku baba wa binti atakapokuwapo.

Kabula hakusimama. Aliweka viganja vyake vyote viwili mezani, ngozi ngumu kama ya kwato, akaanza kwa kusema kwamba yeye hayumo kwenye dini ya mumewe. Anaihudhuria, anaipenda kwa sababu ilimfanya Kija aache kupiga, lakini yeye anashika ya wazee wake. Kwa hiyo sheria ya kutomlazimisha mtu aseme ni yao, anaiheshimu. "Sikulazimishi, Baba Edith," akasema. "Na mimi nisilazimishwe kuweka dole."

Halafu akasimulia. Alisimulia akiwaangalia wale tisa, si mimi.

Jumatatu ile Kija alikuwa mahabusu. Kabula alitoka kuchunga mwenyewe, binti yao Minza yuko mgongoni, ana miezi mitano. Aliwaacha ng'ombe mtoni akapanda kidogo kuchota maji pale yanapotoka safi. Aliporudi wanne walikuwa wamekaa. Ng'ombe hakai vile, akasema. Walikaa kama watu waliochoka. Wale wa maziwa, wote wanne. Mtu alikuwa anapanda mteremko, amempa mgongo, panga limening'inia. Alimjua. Hakupiga ukunga, maana angekuja nani?

Mnyama asiyeweza kusimama hawezi kungoja mume atoke mahabusu. Kwa Wasukuma mwanamke hachinji ng'ombe. Kabula aliwachinja wote wanne, peke yake, mtoto mgongoni akilia. Nyama ilikuwa nyingi na jua kali, akawagawia majirani. Na kwa kuwa alijua ni nyumba gani iliyolala njaa kwa sababu ya mifugo yake, mguu mzima wa nyuma akaupeleka kwa mama yangu.

Nakumbuka ule mguu. Mama alimshukuru mpaka akamshika mikono. Niliula siku tatu.

"Jumatano mkutano ulikaa," Kabula akaendelea. "Nilikuwepo, nyuma kabisa, na wanawake. Huyu alisimama. Alisema kwa Kiswahili, si kwa Kifipa, ili na mgambo waliotoka mjini wasikie. Alisema Wasukuma wamekata ng'ombe wao wenyewe ili wawachafue Wafipa. Alisema hiyo ndiyo tabia yetu. Mikono ikapanda yote. Tukapewa siku mbili."

Sasa akanigeukia.

"Panga nilishakusamehe zamani. Ulezi wa mama yako uliliwa, na mtu akikasirika anakata. Mdomo bado."

Bati lililia kwa upepo. Mwalimu Flavian akakohoa, akasema, na nilisikia kwamba anasema kwa shida, kwamba sheria ni ileile kwa wote. "Mzee Oswaldi, hapa hulazimishwi kujibu."

Sheria niliyoidharau nusu saa iliyopita ilikuwa imenikalia mbele kama ngao. Ningeweza kunyamaza kwa heshima zote. Ningeweza kusema mama huyu anachanganya watu, ni miaka mingi, mgongo ni mgongo. Ningetoka, na Kabula asingeweka dole, na Edith angeamini kwamba mkwe wake mtarajiwa ni mwanamke wa visasi. Ndoa ingekufa mikononi mwa Kabula, si mwangu. Maneno yalikuwa tayari mdomoni, yamepangana. Mimi maneno sijawahi kukosa. Wala msidhani nilikuwa nimesahau. Mambo ya watu wengine yote nayakumbuka kwa tarehe. Hili langu nalo nililikumbuka kwa tarehe, ila nililizungushia uzio, nikawa napita mbali. Kila nilipolitaja lile juma kwenye mikutano, na nimelitaja mara nyingi, nilisimulia ulezi nikaishia Ijumaa.

"Baba," Edith akasema. "Ni kweli?"

"Ni kweli."

"Lipi?"

"Yote. Na panga, na maneno."

Edith aliinuka, akatoka nje, na Shigela akamfuata. Kija alikuwa ameziba uso kwa viganja. Nilielewa kwamba hata yeye mkewe hakuwahi kumwambia. Kama angemwambia mwaka ule, mmoja wetu asingekuwa hai.

Nikasukuma kile kidau cha wino kuelekea kwa Kabula. Nilidhani imetosha. Akakirudisha katikati ya meza kwa kidole kimoja.

"Hapa umewaambia watu ambao hawakuwepo," akasema. "Uliyasema kule. Kayatoe kule."

Mkutano mkuu wa kijiji chetu ulikuwa Alhamisi inayofuata. Kila mtu mle ndani alijua maana ya ombi hilo isipokuwa wale wa mjini, kwa hiyo nieleze. Kijiji kile nikisimama watu wananyamaza. Miaka yote hii ni mimi ninayewasomea sheria, ni mimi niliyewazuia wasitie saini mikataba wasiyoielewa, ni mimi ninayetajwa mwekezaji akija na ramani. Sina ng'ombe, sina cheo, nina neno langu tu. Alhamisi hiyo ajenda namba tatu ilikuwa mpaka wa shamba la malisho, na walikuwa wananisubiri mimi.

Nikamwambia Kabula nitasema. Akaitikia kwa kichwa kana kwamba nimemwambia kesho kutakuwa na upepo.

Nilipofika nyumbani nilimkuta Bertilla anapepeta. Nikamweleza kila kitu, nikamaliza kwa kumwambia kwamba kulikuwa na jambo ambalo yeye hakulijua. Hakuacha kupepeta.

"Nilifua shati lile lenye damu," akasema.

Siku tano zilizobaki sikulala vizuri wala kula vizuri. Sikuwa nawaza dhambi; dhambi nilishaibeba siku nyingi, nimezoea uzito wake. Nilikuwa nawaza njia za kutokea. Jumapili nilikwenda kanisani mapema, nikakaa karibu na kibanda cha kitubio, mbele yangu wanawake wawili tu. Ningepiga magoti, ningesema, ningepewa sala za kusali, na kwa Mungu ningekuwa nimemaliza. Nafikiri kweli ningekuwa nimemaliza; sipingi. Lakini zamu yangu ilipofika nilimkumbuka mwenyekiti na mikono yake kifuani, nikaona aibu ya kusimama kwenye mstari wake. Nikampisha mwanamke aliyekuwa nyuma yangu, nikatoka.

Alhamisi tulikutana mbele ya shule, watu kama mia mbili, wazee kwenye viti vya darasani na wengine majanini. Edith alikuja na basi la asubuhi. Alinipa shikamoo na hakuongeza neno. Coleta alikuja na ile karatasi ndani ya bahasha, na kidau cha wino. Kija hakuja. Kabula alikaa nyuma na wanawake, mahali palepale, na wanawake wawili wa umri wake walimtambua, nikawaona wananong'onezana.

Mwenyekiti wa sasa, kijana mwenye adabu, alisoma ajenda ya kwanza na ya pili. Alipofika ya tatu akasema tumsikilize Mzee Oswaldi. Makofi.

Nikasimama. Nikasema kabla ya mpaka nina jambo, na kwamba naomba nisikatizwe kwa kuwa nikikatizwa sitaweza kulirudia. Nikasema kwa Kiswahili kama nilivyosema siku ile. Tarehe kumi na sita mwezi wa nne, mwaka 2003, nilisimama mbele ya mkutano huu nikasema familia ya Kija imekata ng'ombe wake yenyewe. Nilidanganya. Niliwakata mimi, kwa panga la nyumbani kwetu, Jumatatu mchana. Mlipiga kura kwa uongo wangu. Mama aliyefukuzwa ni yule pale.

Watu waligeuka wote kwa pamoja. Kabula hakuinamisha kichwa.

Kwanza mtu akacheka, akidhani ni mfano, maana huwa nasema kwa mifano. Kisha kijana mmoja akasema kwa sauti kwamba mzee amenunuliwa na wafugaji, mwingine akasema amerogwa, si bure. Mama mmoja aliyekuwa rafiki wa mama yangu alijifunika kanga usoni. Mwenyekiti aligonga meza, hakuna aliyesikia. Katika ile kelele nilimwona Kabula anainuka, anapita kati ya watu, nao wanampisha. Akafika alipo Coleta, akachovya dole gumba, akalikandamiza kwenye karatasi juu ya mgongo wa Edith aliyekuwa ameinama kama meza. Akafuta kidole kwenye majani. Aliponipita alisimama kidogo tu.

"Harusi nitakuja," akasema. "Nyumbani kwako usinikaribishe."

Nikasema sawa. Akashika njia ya kituo cha basi, mgongo wima.

Nilitaka kukaa. Lakini mzee Fabiani alikuwa ameinuka kwenye kiti chake cha darasani, akiegemea fimbo, na watu wakaanza kunyamaza, safu moja baada ya nyingine. Fabiani ni rika la baba yangu. Mwaka ule alikuwa wa kwanza kuinua mkono.

"Nilimfukuza mama yule kwa kinywa chako," akasema. "Nilikwenda mimi mwenyewe kuwahesabia siku. Mtoto wake alikuwa anaharisha, nikamwambia siku ni mbili." Akahamishia fimbo mkono wa pili. "Sasa, Oswaldi. Mwaka 2011 ulisimama hapa ukasema mhasibu wa ghala ni mwizi, tukamtoa. Mwaka 2016 ukasema mwalimu mkuu amehongwa, tukamkataa. Nataka kujua na hayo."

Watu wakasema ndiyo, ndiyo, na hayo. Mwenyekiti kijana akanitazama, kisha akapiga mstari kwenye ajenda namba tatu. Edith hakuondoka. Aliketi majanini karibu na Coleta, bahasha mapajani, uso umenielekea.

"Anza na la 2011," nikamwambia Fabiani. "Uliza."